KATIZO, WITO NA NDIVA: HISTORIA YA DHANA MOJA YA KOMPYUTA NA MAJINA YAKE

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayomtaabisha mfasiri wa vitabu vya kompyuta, mojawapo ni lile ambalo mafundi wetu hulitamka intarapti. Fundi aliye mbele ya mashine hana shida nalo, kwa kuwa anaona kazi yake. Lakini neno hilo likifika mezani kwa mfasiri, mara hugeuka kitendawili. Aweza kuliita katizo, mwingilio, usumbufu au dharura, na kila jina likapata mtetezi wake. Mwalimu atakayepokea tafsiri hiyo atawafundisha wanafunzi jambo moja au jingine kwa kadiri ya jina alilopewa. Na mtumishi wa serikali atakayesoma taarifa ya mtambo wa ofisi yake aweza kudhani kwamba mtambo umeharibika, kumbe unafanya kazi yake ipasavyo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya dhana hiyo, kisha tutazame hasa sehemu yake iliyo ngumu zaidi kuitafsiri: namna programu ya kawaida, iliyo nje ya kiini cha mfumo endeshi, inavyoweza kupata habari za katizo linalotoka kwenye maunzi. Mwisho tutapendekeza majina. Mfano wetu mkuu tumeuchukua wilayani Same, katika Milima ya Upare. Hatukuuchukua kwa kupamba maneno. Tumeuchukua kwa sababu watu wa milima hiyo walikwisha kulikabili tatizo la namna hii kwa maji, tena wakaliwekea utaratibu, kabla ya kompyuta kuwako.

1. Ndiva na wenye zamu

Wilaya ya Same ina sura mbili. Juu iko milima ya Upare ya Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, hufikia kiasi cha mita 2,460 katika msitu wa Chome. Chini iko tambarare kavu, ipitiwayo na barabara kuu ya Arusha na reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893. Mvua ya tambarare haimpi mkulima wa mahindi uhakika, na vijito vingi vishukavyo mlimani ni vyembamba. Kwa hiyo Wapare walichimba mifereji, na kwenye mifereji hiyo wakajenga mabwawa madogo wayaitayo ndiva. Mojawapo lijulikanalo sana ni ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala.

Ndiva si ziwa. Kazi yake ni kukusanya maji ya kijito wakati wa usiku, ambapo hakuna anayemwagilia, ili asubuhi yafunguliwe kwa wingi na kwa nguvu. Kijito chembamba kikiachwa kitiririke chenyewe, maji yake humezwa na udongo wa mfereji kabla ya kufika shamba la mbali. Yakikusanywa kwanza, hufika. Hapo pana mambo matatu ambayo tunamwomba msomaji ayashike. Kwanza, kuna maji, ambayo huja kwa wakati wake yenyewe wala hayamwulizi mtu. Pili, kuna ndiva na wasimamizi wake, ambao peke yao ndio wenye haki ya kufunga na kufungua. Tatu, kuna wakulima, kila mmoja na zamu yake na shamba lake. Mkulima hana ruhusa ya kuzibua ndiva kwa hiari yake, hata kama shamba lake linakauka; angefanya hivyo angeharibu zamu za watu wote walio chini yake.

Sasa mkulima atajuaje kwamba maji yapo tayari? Ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni kupanda mlima kila saa akachungulie. Akikuta bado, arudi. Baada ya saa apande tena. Siku nzima itapita njiani na jembe halitagusa udongo. Njia ya pili ni kukaa katika shughuli zake, au kulala, mpaka aitwe. Wahenga wetu waliijua njia hii ya pili waliposema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo: mtu haulizi kila dakika kama kuna jambo, bali huendelea na kazi, na mbiu ikilia huacha jembe akaenda. Huko Upare hata kazi yenyewe ya pamoja, kama ile ya kusafisha mfereji, huitwa msaragambo.

Njia ya kwanza, katika lugha ya kompyuta, tutaiita uulizaji wa mfululizo. Njia ya pili ndiyo asili ya dhana tunayoitafutia jina.

2. Chanzo cha dhana katika mashine

Kompyuta za mwanzo zilijua kuuliza tu. Prosesa, yaani sehemu ya mashine inayofanya hesabu, ilipotaka kusoma utepe au kuchapa, ilibidi isimame na kukiuliza chombo husika mara maelfu: umemaliza? umemaliza? Kwa kuwa prosesa ni nyepesi mno na vyombo vya nje ni vizito, sehemu kubwa ya muda wake ilipotea katika maswali hayo.

Mwaka 1954 mashine iliyoitwa DYSEAC, iliyoundwa na ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani, ilipewa uwezo wa kusimamishwa kwa muda na chombo cha nje. Mwaka 1956 mashine ya UNIVAC 1103A iliyotumika katika maabara ya utafiti wa ndege mjini Cleveland ilikuwa na uwezo wa namna hiyo, ili vipimo vya kutoka kwenye handaki la upepo vipokelewe mara vifikapo, huku mashine ikiendelea na hesabu nyingine wakati handaki limenyamaza.

Kisa kinachotufaa zaidi sisi watu wa lugha kilitokea Uholanzi. Wahandisi Bram Loopstra na Carel Scholten, walipokuwa wakibuni mashine ya Electrologica X1, walipendekeza kwamba vyombo vya nje viweze kuikatiza prosesa. Edsger Dijkstra, aliyetakiwa kuiandikia mashine hiyo programu, aliingiwa na hofu. Hofu yake ilikuwa na msingi. Programu ya kawaida ikikosea, hukosea mahali pale pale kila inapoendeshwa, na mwandishi wake aweza kuifuata hatua kwa hatua mpaka alione kosa. Lakini chombo cha nje kikiweza kuikatiza wakati wowote, kosa laweza kuonekana leo na lisionekane tena mwaka mzima. Hatimaye alikubali, akaandika programu ya kupokea makatizo, na kazi hiyo ikawa sehemu ya tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, mwaka 1959.

Sharti alilopaswa kulitimiza ndilo lililomo katika maana ya neno mpaka leo. Prosesa ikikatizwa, lazima kwanza ihifadhi kila ilichokuwa nacho mkononi: hesabu iliyofikia, na mahali ilipokuwa katika programu. Ndipo ikahudumie chombo kilichoita. Ikimaliza, lazima irudishe kila kitu kama kilivyokuwa na kuendelea pale pale ilipoachia, kana kwamba hakuna lililotokea. Programu iliyokatizwa haitambui kabisa kwamba ilikatizwa.

Basi tangu hapo tuweke tofauti moja. Umeme ukikatika, kazi imekoma. Mzungumzaji akikatizwa na mgeni aliyebisha hodi, humkaribisha mgeni, kisha hurudi kwenye sentensi yake. Dhana yetu ni ya aina hii ya pili. Neno usumbufu halifai, kwa maana lahukumu kwamba tendo ni baya. Neno dharura halifai, kwa maana makatizo mengi ni ya kila siku: kubonyezwa kwa kitufe cha herufi, kupita kwa sehemu ndogo ya sekunde katika saa ya mashine. Neno mwingilio lakosa ile maana ya kurudi.

3. Kiini na programu zilizo nje yake

Mashine zilipoanza kuendesha programu za watu wengi kwa pamoja, haikuwezekana tena kumwachia kila mwandishi wa programu avishike vyombo kwa mkono wake. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, ulitenga tabaka mbili, na mifumo mingi iliyofuata imeshika utaratibu huo. Tabaka la ndani ni kiini, chenye haki zote: hugusa vyombo, hugawa kumbukumbu, hupanga zamu. Tabaka la nje ni la programu tumizi, ambazo haziruhusiwi kugusa chombo isipokuwa kwa kupitia kiini.

Hapa mfasiri ajihadhari. Vitabu vya Kiingereza huliita tabaka hilo la nje kwa jina lenye maana ya mahali pa mtumiaji. Anayefasiri neno kwa neno atamfanya msomaji afikiri juu ya mtu aliyeketi mbele ya mashine. Lakini anayezungumziwa hapo si mtu, ni programu. Mtu huyo huyo, akibonyeza kitufe, huvifanyisha kazi vyote viwili, kiini na programu.

Turudi kwenye ndiva. Maji ni maunzi. Wasimamizi wa ndiva ni kiini. Wakulima ni programu tumizi. Chombo kinapotaka huduma, hupeleka wito kwa prosesa. Prosesa hukatizwa, nayo huingia katika kiini, mahali palipo na kipokezi cha katizo kile. Kiini hushughulika, kisha huiamsha programu iliyokuwa ikingoja. Tazama basi: katizo liliishia kwenye kiini. Programu haikukatizwa na chombo, ila iliamshwa na kupewa habari. Mkulima hakuguswa na maji. Aliletewa taarifa kwamba maji yapo.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba viendeshaji, yaani programu zinazojua tabia za chombo fulani, havina budi kukaa ndani ya kiini, kwa kuwa ndipo makatizo yanapofikia. Hasara yake ni kubwa. Kiendeshaji kimoja kilichoandikwa vibaya huweza kuuangusha mfumo mzima, sawa na msimamizi mmoja mzembe awezavyo kubomoa ukingo wa ndiva. Kwa hiyo wako waliotaka viendeshaji vitolewe nje. Katika mfumo wa L4, aliouanzisha Jochen Liedtke miaka ya 1990, katizo hugeuzwa kuwa ujumbe, nao hupelekwa kwa programu iliyo nje ya kiini kama barua nyingine yoyote. Andrew Tanenbaum na wenzake, katika MINIX 3 ya mwaka 2005, walifuata njia inayokaribiana na hiyo: kiini kina kipokezi kifupi tu, na kiendeshaji chenyewe ni programu ya nje ambayo ikianguka yaweza kuanzishwa upya bila kuzima mashine.

Katika Linux, utaratibu wa UIO uliingia mwaka 2007, katika toleo 2.6.23, kwa kazi ya Hans-Jürgen Koch. Ulikusudiwa hasa kadi za viwandani, ambazo ni za aina nyingi na kila aina huwa na wateja wachache. Namna yake ni hii. Programu hufungua faili maalumu na kuomba kuisoma. Kwa kuwa hakuna habari, kiini huilaza. Chombo kikiita, sehemu ndogo iliyo ndani ya kiini hukinyamazisha, huongeza moja katika hesabu ya makatizo, kisha huiamsha programu. Programu hupewa namba tu: jumla ya makatizo mpaka sasa. Ikiwa mara iliyopita ilisoma 41 na sasa inasoma 44, inajua kwamba makatizo 3 yametokea, na kwamba mawili kati yao yalipita kabla haijaamka. Ikimaliza kazi, huomba chombo kiruhusiwe kuita tena. Mwaka 2012, katika toleo 3.6, uliongezwa utaratibu wa VFIO, unaoifanya kazi hiyo kwa ulinzi mkali zaidi, kwa kuzuia chombo kisiguse kumbukumbu ambayo si ya programu inayokitumia.

Kwa nini lazima sehemu ndogo ibaki ndani ya kiini? Kwa nini programu ya nje isiachiwe kila kitu? Jibu liko katika mpangilio wa matendo. Yako makatizo ambayo hulia bila kukoma mpaka chombo kinyamazishwe. Kiini kikirudi bila ya kukinyamazisha chombo, prosesa itakatizwa tena papo hapo, na tena, na tena. Programu ya nje, ambayo ndiyo ingejua la kufanya, haitapata nafasi hata ya kuamka. Mashine itakwama katika kuitika. Kwa ndiva, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Msimamizi akiona maji yanajaa, hatakwenda kwanza kugonga mlango wa mwenye zamu huku maji yakimwagika juu ya ukingo. Atayazuia kwanza, halafu aite. Anayeita ni yule aliye karibu, mwenye haki ya kufunga. Anayetumia ni yule aliye mbali, mwenye haja.

4. Mfano wa kipimamvua

Ili mwalimu asiwe na mifano ya mbali tu, tutoe mmoja ulio karibu. Kipo kipimamvua chenye vidoo viwili vidogo vilivyokaa kama pembea. Mvua huingia katika kidoo kimoja. Kikijaa, hupinduka, maji humwagika, na kidoo cha pili hushika zamu. Kila kinapopinduka, swichi hujifunga kwa muda mfupi sana. Katika vipimo vya kawaida mpinduko mmoja ni sawa na milimita 0.2 za mvua.

Tuseme mvua ya milimita 30 imenyesha mlimani kwa saa moja. Hiyo ni mvua kubwa, lakini vidoo vitapinduka mara 150 tu, yaani mara moja kila sekunde 24. Prosesa ndogo ya siku hizi hufanya mamilioni ya hatua katika kila sekunde moja. Ikiwekwa kuchungulia swichi mfululizo, itauliza mamilioni ya maswali kwa ajili ya jibu moja, tena itamaliza betri. Na katika kituo cha milimani kinachotegemea mwanga wa jua, betri ndiyo uhai wa kituo. Ikichungulia kwa nadra, yaweza kukosa mpinduko, kwa kuwa swichi hujifunga na kufunguka upesi. Wito ndio unaofaa: programu inalala, swichi inaita, kiini kinaandika saa ya tukio, programu inaamka na kuongeza milimita 0.2. Tangu mwaka 2016, toleo 4.8 la Linux lina faili maalumu kwa kazi ya namna hii, ambalo programu ya kawaida huweza kulisoma na kupewa kila tukio pamoja na wakati wake.

Liko jambo moja zaidi. Swichi ya chuma haijifungi kwa utulivu. Hurukaruka kabla ya kutulia, na kila mruko waweza kuhesabiwa kuwa wito. Asiyelijua hili ataandika kwamba mvua ilikuwa mara tatu ya ilivyokuwa. Kwa hiyo programu, au kiini, hupuuza miito inayofuatana kwa karibu mno. Mtafsiri akiandika hapa kwamba swichi husumbua, msomaji atatafuta kosa pasipo na kosa.

5. Mafuriko ya Makanya

Haifai kudhani kwamba wito ni bora kuliko uulizaji katika kila hali. Chini ya Bangalala, kwenye tambarare, iko Makanya. Wakulima wa huko hawategemei ndiva peke yake, hungoja mafuriko. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, maji hushuka kwa kasi katika mkondo ambao siku nyingi ni mkavu, pengine wakati tambarare yenyewe haijapata hata tone. Wakulima huyageuza kwa mifereji ya udongo yaingie mashambani. Mafuriko yakikwisha kufika, hakuna tena haja ya kumwita mtu kwa kila wimbi. Kila mtu amekwisha kusimama shambani, jembe mkononi, akitazama kwa macho yake.

Katika kompyuta, mambo ni hayo hayo. Mashine iliyounganishwa na mtandao wenye kasi huweza kupata miito mingi mno kwa sekunde hata muda wake wote ukaishia katika kuitika, na vifurushi vya habari vikatupwa bila kusomwa. Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walilieleza tatizo hili mwaka 1996. Dawa waliyoipendekeza, ambayo Linux nayo iliifuata kwa namna yake mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kuchanganya njia mbili: wito wa kwanza hupokelewa, kisha chombo hunyamazishwa, na kiini huchungulia kwa mfululizo mpaka habari ziishe, ndipo wito huruhusiwa tena. Ziko hata programu za nje ya kiini zinazofanya kazi ya mtandao kwa kuchungulia tu, zikiitolea kazi hiyo prosesa nzima.

6. Majina kwa upande wetu

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa miaka miwili baadaye, kwa Sheria Na. 27 ya 1967. Lakini mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi kabla ya kulegezwa. Kwa hiyo, katika miaka ambapo dhana tunayoijadili ilikuwa ikikomaa kwingineko, waundaji wa istilahi hapa kwetu hawakuwa na mashine nyingi za kuzitazama. Hata jina la mashine yenyewe lilikuwa na ushindani: kompyuta, tarakilishi, ngamizi. Kazi ilishika kasi zaidi baadaye. Mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili katika mradi wa Kilinux. Tafsiri za namna hiyo zilihusu vile vinavyoonekana na mtu kwenye kioo: faili, dirisha, chapisha. Yaliyomo chini ya kioo, kama makatizo, yaliachwa kwa mafundi, nao wakayaita kwa Kiingereza.

Tukumbuke pia utaratibu tuliouzoea katika kuunda istilahi: kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Kwa njia hiyo tulipata ngeli kutoka Kihaya, na kitivo, neno lihusishwalo na Kipare na Kisambaa, ambalo leo kila mwanachuo hulitamka bila kufikiri juu ya bonde lenye rutuba. Upare umekwisha kuipa historia yetu neno jingine, mbiru, jina la kodi ambayo maelfu ya Wapare walishuka Same mwaka 1945 kuipinga. Kwa hiyo hatuoni haya kwenda kuomba tena mlangoni hapo.

7. Mapendekezo

Baada ya kuyapima hayo, tunapendekeza majina yafuatayo, pamoja na mipaka ya kila moja.

Katizo. Litumike kwa tendo la prosesa kuachishwa kazi kwa muda na kurudi ilipoachia. Lisitumike kwa kuharibika kwa chombo wala kukosekana kwa huduma. Tunajua kwamba katika matangazo watu husema katizo la umeme. Kwa hiyo katika maandishi ya kompyuta yafaa mara ya kwanza kuandikwa katizo la prosesa.

Wito wa maunzi. Hili ni kwa upande wa chombo: kile ambacho chombo hukipeleka ili kuomba huduma. Wito waweza kuzuiwa usizae katizo, kama mgeni awezavyo kubisha hodi mlango ukabaki umefungwa. Ndiyo sababu majina ni mawili.

Itikio. Ni tendo la kiini kukijulisha chombo kwamba wito wake umesikika, ili kinyamaze. Neno kiitikio tuwaachie washairi.

Kipokezi cha katizo. Ni sehemu ya programu, ndani ya kiini, inayoendeshwa mara katizo litokeapo.

Taarifa ya katizo. Ni habari inayopelekwa na kiini kwa programu iliyo nje yake. Hili ndilo pendekezo tunalolishikilia kuliko yote. Anayeandika kwamba programu tumizi imekatizwa na maunzi amesema lisilotendeka katika UIO, VFIO na kipimamvua chetu. Programu ilikuwa imelala, ikapewa taarifa. Mwanafunzi asiyeliona hili ataandika kiendeshaji kinachongoja programu ya nje ikinyamazishe chombo, na mashine yake itakwama.

Ishara. Neno hili libaki kwa ujumbe ambao mifumo ya jamii ya Unix huupeleka kwa programu, kama ule unaotokea mtu akibonyeza vitufe vya kuisimamisha. Kiingereza huuita ujumbe huo kwa jina la katizo pia. Kiswahili kisirithi mchanganyiko huo.

Uulizaji wa mfululizo. Ni kuchungulia hali ya chombo mara kwa mara bila kungoja wito.

Programu za nje ya kiini. Litumike badala ya kusema mahali pa mtumiaji, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza.

Ndiva. Tunapendekeza neno hili la Kipare lichukuliwe kwa lile eneo la kumbukumbu ambamo habari hukusanywa kwa muda kati ya chombo kinachozileta na programu inayozitumia. Mafundi huliita bafa. Ndiva yasema zaidi: hujazwa na mmoja kwa wakati wake, hutumiwa na mwingine kwa zamu yake, na ikijaa bila kufunguliwa humwagika.

Hitimisho

Istilahi si vibandiko. Jina likikosewa, mpangilio wa matendo hukosewa nalo, na katika jambo hili mpangilio ndio kila kitu: wito, katizo, itikio, taarifa, kazi. Wala mambo hayajasimama. Prosesa za Intel za aina ya Sapphire Rapids, zilizotolewa mwaka 2023, zina uwezo wa kuiwezesha programu moja kuikatiza nyingine moja kwa moja, bila kiini kushika njia kila mara, mradi kiini kimekwisha kutoa ruhusa mwanzoni. Hapo programu ya nje yakatizwa kweli kweli, na neno katizo litakuwa limepata mahali papya pa halali. Anayetofautisha tangu leo katizo na taarifa ya katizo hatababaika. Aliyeyachanganya atalazimika kuanza upya.

Tunawaomba wafasiri na walimu wayapime majina haya katika kazi zao za kila siku, hasa mbele ya wanafunzi, kwa maana jina lisiloeleweka darasani halitaeleweka kwenye karakana. Na yule mwenye neno lililo bora zaidi, liwe la Kiswahili cha mwambao au la lugha ya milimani, na alilete lijadiliwe.